Wembe Alioukimbia Masese

Masese wa Kebirigo alikuwa na adabu ya mwili ambayo mapadri wengi hawana. Kabla jua halijatoka alikuwa ameshaupanda mlima mara kadhaa, kapu la majani chai mgongoni, ndani yake mawe. Pombe hakuonja. Siku ya soko alipita kwenye moshi wa nyama choma akiwa ameuma meno. Watu walimcheka wakasema kijana huyu anajinyima ili aende akapigwe vizuri. Lakini mwaka 1994 alipomlaza bingwa wa Kericho kwa teke la mbavu katika ukumbi wa Kisii, hao hao waliomcheka ndio waliombeba mabegani. Ndivyo watu walivyo.

Mchezo wake ulikuwa ngumi na mateke, wa kulipwa. Mwalimu wake alikuwa Rahul, mwana wa Subhash muuza vitambaa mjini, na walifanyia mazoezi ghalani nyuma ya duka. Subhash alinung'unika kwamba majora yake yananuka jasho, ila hakuwafukuza. Rahul alikuwa mkali. Aliyeumia aseme, apumzike mpaka apone. Na kabla ya pambano kila mmoja anyoe upara, ili jeraha la kichwani lisijifiche. Masese alishika amri zote za Rahul isipokuwa hiyo ya kusema.

Mwaka uliofuata, kule Kisumu, alipigwa teke juu ya sikio. Alishinda pambano, lakini akarudi na kichwa kilichomuuma usiku na mchana. Masese hakumwambia Rahul. Mpiganaji anayelalamikia kichwa huwekwa kando, na pambano la ubingwa wa nchi lilikuwa limeshaanza kutajwa. Alimwambia mama yake, Mokeira. Mama naye hakupoteza wakati, akampeleka Kenyenya kwa mzee Ombui.

Ombui alikuwa omobari, mmoja wa wale waganga wa Kisii ambao tangu enzi za mababu hupasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa ulioumia. Ganzi hakuna. Masese alishikwa na wanaume wenye nguvu, na pamoja na ubabe wake wote alilia kama mtoto.

"Mfupa mbaya nimeutoa," mzee alimwambia alipokwisha kumfunga. "Hapa sasa ni ngozi tupu. Lima, oa, zaa. Lakini kichwa hiki mtu asikiguse tena, hata kwa mchezo."

Ubaya wa mzee Ombui ni kwamba aliijua kazi yake. Maumivu yaliisha yote. Laiti angemwachia kidogo! Masese alisikia kichwa chepesi, akajiona mzima, akaacha nywele zifunike kovu, akarudi ghalani. Rahul aliambiwa ilikuwa malaria.

Pambano la ubingwa lilipokaribia, baba yake, mzee Nyamongo, akafariki. Kwao, baada ya mazishi, wana wa marehemu hukaa uani wakanyolewa, kifungua mimba akitangulia. Asiyenyoa amemkana baba yake. Masese ndiye aliyekuwa kifungua mimba.

"Kaa hapa," alisema Mogire, mdogo wa marehemu, wembe mkononi.

"Siwezi, baba mdogo. Mwalimu amekataza."

"Mhindi amekukataza kumlilia baba yako?"

Uani watu waliinamisha macho kwa aibu. Mokeira peke yake ndiye aliyejua mwanawe anakimbia nini. Alimfuata hadi nyuma ya nyumba, akamshika mkono.

"Tata," alimwambia, maana kwao mama humwita mwanawe hivyo, yaani "baba". "Nyoa. Rahul alione kovu. Akuzuie, uishi."

Masese alimpenda baba yake, na jambo lile lilimchoma kuliko teke lolote. Lakini miaka yote ya mawe na njaa ilikuwa inamvuta upande wa pili.

"Baada ya pambano, Mama. Nitakuja uninyoe wewe mwenyewe. Naahidi."

Mokeira angeweza kwenda mjini kumwambia Rahul. Alifika hata kwenye kituo cha magari, kisha akarudi nyumbani, akiogopa kumharibia mtoto riziki. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema Waswahili, na safari hii waliokuwa wakificha ni wawili.

Ghalani, Rahul alishangaa kuona nywele. "Masese, kwetu baba akifa, mtoto ndio ananyoa kwanza. Baba yangu alinyoa ya babu. Kwenu hapana?"

"Kwetu hapana. Mfiwa anaacha nywele."

Rahul alizaliwa Kisii, lakini matanga ya vijijini hakuwahi kuyakaa. Aliheshimu wafu wa mwenzake. Akakunja wembe.

Nairobi, Masese alikuwa akiongoza. Hilo nalisema kwa haki yake, maana alipigana vizuri kuliko siku zote. Kisha teke moja, wala si kali sana, likampata pale pale juu ya sikio. Aliinuka, akatabasamu, akarudi kwenye kona yake, akaketi. Hakuinuka tena.

Hospitalini, Mokeira akiwa kando ya kitanda, muuguzi alikuja na wembe. "Mama, daktari anataka kumfungua kichwa."

"Kilishafunguliwa," Mokeira alisema, akaomba wembe ule. Alinyoa polepole, akikusanya nywele kwenye leso yake. Rahul alisimama upande wa pili wa kitanda. Kovu likatokea, na katikati yake ngozi imebonyea, ikipanda na kushuka.

"Mama, hii ni nini?" Rahul aliuliza. "Kwa nini hakuna mtu aliniambia?"

Mokeira aliendelea kunyoa. Rahul akaanza kulia kwa sauti mbele ya wagonjwa.

Masese hakuamka. Mwili ulipofika Kebirigo, Mogire na vijana walikuwa wameshika majembe tayari. Mokeira aliwaambia wasubiri. Alipiga magoti kando ya kaburi la mumewe, akafukua kwa mikono, akazika zile nywele.

"Nyamongo, mtoto wako amenyoa," alisema.

Ndipo akawaruhusu wachimbe.