Hina Hukolea Kesho

Nilipomaliza shahada yangu ya falsafa katika chuo kimoja cha Maryland, kazi ya kwanza iliyonikubali ilikuwa ya kukaa kaunta katika studio ya tatuu huko Lanham, kwenye safu ya maduka, kati ya dobi na muuza vipuri vya magari. Wazazi wangu Morogoro niliwaandikia kwamba nimeajiriwa katika shughuli za sanaa. Haukuwa uongo, ingawa nakiri kwamba ukweli huo niliuchagua kwa uangalifu.

Majukumu yangu yalikuwa kupokea simu, kukagua vitambulisho ili asichorwe mtoto, na kuwaeleza wateja fomu ya ridhaa. Jukumu la nne nilijibunia mwenyewe: daftari la maoni. Niliamini, na bado naamini, kwamba anayemtoboa mtu ngozi ana wajibu wa kusikia alivyojisikia aliyetobolewa. Mwenye studio, Mmarekani Mweusi mpole aliyejaa michoro kutoka shingoni hadi kwenye vifundo vya vidole, alikubali kwa sharti moja tu, kwamba kalamu ifungwe kamba.

Wateja wakaandika. Dereva wa basi aliyechorwa jina la marehemu mama yake alijaza ukurasa mzima wa shukrani, kisha akaongeza kwamba machozi tuliyoyaona yalisababishwa na dawa ya kusafishia ngozi. Karani mmoja alilalamika kwamba simba wake ana uso wa mtu aliyepokea barua ya kufukuzwa kazi. Nilipomtazama simba huyo, sikuweza kumpinga. Lakini malalamiko yaliyojirudia zaidi yalinihusu mimi. Mmoja alieleza kwamba alikuja kuchorwa tai, na kijana wa kaunta akamuuliza kama bado atampenda tai huyo akifika miaka sabini. Mwingine aliandika kwamba alifunga ndoa kwa maswali machache kuliko yangu. Yote niliyasoma kwa sauti katika kikao chetu cha Jumatatu, kwa sababu daftari linalobagua si daftari.

Miaka hiyo wasichana wa Kimarekani walikuwa wamepata homa ya hina. Hapakupita siku bila mtu kupiga simu akiuliza kama tunapaka, hasa wale walioogopa sindano. Ndipo nikamtaja shangazi.

Hakuwa shangazi wa damu. Alikuwa mama wa Kiunguja aliyenipangisha chumba, na kwao aliwapamba maharusi kwa miaka ishirini. Hapa alimtunza ajuza mmoja katika mji wa jirani wa Columbia: kumgeuza kitandani, kumwogesha, kumbadilishia mashuka, hadi mgongo wake mwenyewe ukaanza kudai mtunzaji. Mwenye studio alimpa kiti cha karibu na dirisha kwa Jumamosi nne. Wateja wakiridhika, kiti kingekuwa chake wiki nzima, naye angeagana na mashuka. Wasiporidhika, mahali pale pangewekwa kabati la kioo la kuuzia hereni.

"Kwetu harusi haianzi mpaka nimalize mimi," aliniambia asubuhi ya Jumamosi ya kwanza, tukiwa garini. "Hapa hakuna anayejua kama hata mikono ninayo. Nisimamie vizuri, mwanangu."

Nikaahidi.

Shangazi hakujua kumhudumia mteja. Alijua kumpamba biharusi tu. Kwa desturi yake, aliyepakwa hina mikono miwili hagusi kitu, na asiyegusa kitu lazima ahudumiwe. Alikuja na birika la kahawa, tende na halua, na kazi ya kulisha ikaniangukia mimi. Niliwalisha wasichana tende kwa uma. Niliwashikia vikombe. Nilimkuna pua mwanafunzi mmoja wa sheria kwa penseli niliyoizungushia karatasi laini, huku akinielekeza: kulia, juu kidogo, hapo. Wanaume waliokuwa wakitobolewa kwenye viti vya jirani waliponusa karafuu, nao wakaanza kudai kahawa. Mmoja wao, jitu la miraba minne lililokuwa karibu kuzirai, alipewa halua na shangazi, akapapaswa bega na kuitwa baba, akamaliza joka lake bila hata kuguna.

Balaa lilianza hina ilipobanduliwa. Chini yake ilitokea rangi ya karoti. Aliyekulia katika nyumba ya hina anajua kwamba ndivyo inavyoanza, na kwamba huchukua siku moja au mbili kukolea. Wateja wetu hawakukulia huko. Shangazi, ambaye Kiingereza chake kilimtosha kwa ajuza wake na kwa dukani tu, aliniambia kwa Kiswahili niwaambie kwamba itakolea kesho.

Hapo ndipo nilipokosea. Mimi ni mwanamume wa bara, na chumba anamopambwa biharusi sijawahi kukikanyaga. Hina nilikuwa nimeiona barabarani tu, ikiwa imekwisha kukolea, na sikuwa na ushahidi wa jinsi ilivyofika pale. Dhamiri yangu haikuniruhusu kuahidi jambo nisilolishuhudia. Kwa hiyo niliwatafsiria kwamba mama huyu anaamini rangi itaongezeka, kwamba ana uzoefu mrefu unaostahili heshima, ila mimi binafsi sijathibitisha, na kwamba huenda matokeo yakatofautiana baina ya mtu na mtu.

Watatu kati ya watano waliosikia maneno hayo walikwenda moja kwa moja msalani, wakasugua kwa sabuni.

Daftari halikutusamehe. Mmoja alisema ameingia na mikono na kutoka na karoti. Mwingine alisifu halua na kushauri tufungue mgahawa. Jumatatu niliyasoma yote kikaoni, na Jumamosi ya pili nikatafsiri kwa uaminifu uleule, yakaandikwa mengine. Jioni hiyo mwenye studio alituita. Bila hasira, alisema amesikia ipo hina nyeusi, ambayo rangi yake haimsubirishi mtu. Pengine tungejaribu hiyo, kabla kabati aliloagiza halijafika.

Shangazi aliijua. Ni piko, dawa ya kutia nywele weusi, na alikwisha kumwona biharusi aliyeingia harusini na malengelenge hadi viwikoni. Njiani aliusugua mgongo wake, kisha akasema kwamba wifi yake anacho kikopo kimoja. Nilishtuka. Nilimweleza wajibu wetu kwa ngozi ya mwenzetu, tofauti kati ya kumpendeza mtu na kumtendea mema, na hatari ya kununua riziki kwa maumivu ya mwingine. Nilizungumza hadi mlangoni kwetu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, shangazi."

"Haya. Sasa niambie, wale wasichana uliwatafsiria nini?"

Nikamrudishia neno kwa neno, pamoja na lile la kutofautiana baina ya mtu na mtu. Alivua viatu polepole, akaketi.

"Miaka ishirini nimepaka hina, mwanangu, na wewe kwa Jumamosi mbili umenigeuza mpiga ramli. Lete mkono."

Alinipaka mkono wa kushoto, kiganjani na juu yake, maua na mizabibu hadi kwenye kifundo, bila kunihurumia hata jani moja. Usiku ule ilikuwa karoti. Asubuhi, kwenye ibada yetu ya Waafrika Mashariki, ilikuwa tofali. Muuguzi mmoja Mkenya aliutazama mkono ule nilipopokea kitabu cha nyimbo, akaninong'oneza kwa sauti iliyofika safu tatu, "Hongera, kaka. Na bwana harusi anatoka wapi?" Mchungaji, nadhani, aliongeza dakika kadhaa katika maombi ya vijana. Kufikia Jumatatu mkono ulikuwa na rangi ya ukwaju, na kiganja kilikuwa cheusi kupita mahali pengine pote.

Kikaoni nilikiri kosa langu na kuuweka mkono mezani. Nilieleza kwamba sasa nimeshuhudia, na kwamba malalamiko yale yalistahili kuandikwa kwa jina langu, si kwa jina la shangazi. Mwenye studio hakuonekana kusikiliza. Alikigeuza kiganja changu kwenye mwanga, akakisugua kwa kidole gumba. Kisha akaeleza jambo ambalo wachoraji wake wote walilijua nami sikulijua: kiganja ndicho kilichowashinda. Ngozi yake hujivua upesi, wino haukai, na baada ya wiki chache mchoro hubaki mabaka. Alifungua mikono yake. Kwenye vidole na migongo ya mikono hapakubaki nafasi ya nukta, lakini viganja vilikuwa vitupu.

Jumamosi ya tatu aliketi yeye. Shangazi alimpaka viganja vyote viwili, nami nikamlisha bosi wangu tende kwa uma mbele ya wafanyakazi wake. Hina ilipobanduliwa, aliikodolea macho ile karoti. Mimi nilianza kukohoa kidogo, tayari kufafanua. Shangazi alinitazama mara moja, kikohozi kikaisha.

Hakungoja Jumamosi ya nne. Jumatatu alifungua viganja vyake juu ya kaunta, vyeusi, kila ua mahali pake, akaniagiza nipige simu kulifuta agizo la kabati.

Shangazi alikipokea kiti kwa masharti mawili. Piko isikanyage studio ile, hata mteja akilia. Na mimi niendelee kulisha na kukuna pua, lakini nisitafsiri tena. Kazi hiyo alimpa binti yake mkubwa, karani wa zamani wa benki, aliyeelewa Kiswahili chote na kukijibu chote kwa Kiingereza. Kilichonichukua mimi aya nzima, binti alikisema kwa maneno matatu, na mteja akaegemea kiti kwa amani.

Wiki hiyohiyo nilijitolea kumwandikia shangazi barua ya kuacha kazi kule Columbia. Alinishukuru sana, akaniombea heri, akakataa. Alisema anataka familia ile ijue kwamba anaondoka, si kwamba huenda akaondoka.