Mwalimu Vénérande Aenda Kufuta Kanuni Yake

Kwa miaka kumi na tisa Mwalimu Vénérande alifundisha Kiingereza Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, na wanafunzi wake walikuwa wakisema kanuni za mama yule husahaulika siku ya kufa tu. Mojawapo ilikuwa hii: "lay" ni "lie" ya jana. Atakayeiandika kwa jambo la leo, amekosa. Basi.

Alipostaafu akaenda Karema kumtembelea dada yake, na huko, kwenye kabati la vitabu la misheni, akakuta kamusi nene inayoeleza maneno yalikotoka. Akasoma, akavua miwani, akaivaa tena. Kumbe "lay" ina kazi ya pili, tena ya leo kabisa! Ilizaliwa na "lie" zamani za kale, kama laza ilivyozaliwa na lala: mtu analala mwenyewe, lakini mtoto unamlaza. "Rise" na "raise", "sit" na "set", ukoo ni huo huo. Na yeye, mwenye Kirundi na Kiswahili kinywani, lugha zenye desturi hiyo hiyo, hakuwahi kuiona. Aliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Wengine tungeifunga kamusi na kunyamaza. Nani angejua? Vénérande alichukua daftari, akaandika majina ya wanafunzi wake wote waliokuja kuwa walimu. Hapo namvulia kofia. Wa kwanza alikuwa Kabula, binti wa wafugaji, aliyekuwa akifundisha Nsemulwa na kumsifu Vénérande kila alipopata nafasi. Ndipo palipouma. Kuvunjiwa heshima mbele ya mwingine yeyote angestahimili, si mbele ya Kabula. Lakini akaenda.

Alipokewa darasani kwa makofi. Akaomba chaki, akaeleza kosa lake lote bila kujitetea.

Kabula akainamisha uso. "Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo, "juzi nilimsimamisha Ng'washi nje kipindi kizima. Aliandika 'I lay the mat'. Nikamwambia hajui kuandika wala kutandika mkeka."

"Hilo kosa ni langu, mwanangu, siyo lako. Ng'washi ni yupi?"

Msichana wa dawati la nyuma akasimama, akidhani yamemkuta tena. Vénérande, na mvi zake na magoti yake mabovu, akamwendea taratibu. Akapiga magoti sakafuni, vile vile wanavyopiga watoto wa huku wanapowaamkia wakubwa.

"Nisamehe, mwanangu. Uliandika sawa."

Ng'washi hakuwahi kupigiwa magoti na mtu mzima. Aliyajua magoti ya wadogo zake tu, nayo jibu lake ni moja. Likamtoka kabla hajafikiri:

"Marahaba."

Kabula akajiziba mdomo. Vénérande hakuinuka; aliinamisha kichwa pale pale chini, akaipokea.