Uji wa Asubuhi Mwezi wa Ramadhani

Mwaka 1993 watoto waliokimbia vita walipelekwa shule moja ya mtaa wa Nyamirambo. Mpishi Raihana aliwapikia uji wa mtama kila asubuhi. Wenyeji walikunywa wakasoma hadi mchana. Wageni hawakugusa vikombe, wakasinzia madawatini. Mama zao waliwaonya wasinywe cha mtu asiyeonja kwanza, kwa kuogopa sumu, na Raihana alikuwa amefunga Ramadhani.

Siku moja alionja kwa ncha ya ulimi, akatema. Watoto wakarudi nyuma.

“Mama, mbona unatema?” aliuliza binti mmoja, Gahongayire.

“Nimefunga, mwanangu.”

“Hata sisi tumefunga, tangu jana mchana.”

Raihana akameza funda zima. Gahongayire akapokea kikombe, lakini hakunywa mpaka aliporidhika kwamba mpishi bado amesimama.