Jinsi Binti Yangu Alivyosimama

Mtoto anapokujibu "sawa, Baba", huwa amekubali ulichosema au amekuonea huruma? Nimelitafakari swali hili kwa muda mrefu na bado sina jibu.

Binti yangu anaishi na mama yake upande wa Burat. Kwangu, Wabera, alikuwa akija Ijumaa jioni na kuondoka Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Tangu mimi na mama yake tutengane, sauti iliyobaki katika nyumba hii ni yangu, na siitumii sana. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi ndiyo iliyokuwa wiki yangu. Nilicheza besiboli kidogo nikiwa chuo kikuu. Shule yake ilipoanzisha timu, nikamnunulia gongo la kupigia na kuanza kumrushia mipira uani.

Ua wenyewe ni mwembamba. Upande wa kushoto kuna dirisha la jirani, mama anayefanya biashara ya mbuzi, ambaye alitusalimu kila wiki kutoka ng'ambo ya ukuta: "Salaam aleikum. Leo nifunge dirisha ama niombe Mungu tu?"

Basi nilimfundisha binti yangu kuuingiza mguu wa kushoto ndani na kubana viwiko mbavuni, ili mpira uende kulia, langoni. Nia yangu ilikuwa kuokoa kioo cha watu. Mwili wake ukadhani hiyo ndiyo besiboli.

Kocha mpya alipomwona akipiga kwa mara ya kwanza, alicheka. "Huyu anapiga kama mtu anaogopa kuvunja dirisha."

Wenzake walicheka, naye akacheka nao. Mimi, niliyekuwa nyuma ya mstari pamoja na wazazi wengine, nilitazama viatu vyangu.

Kocha akaanza kumfungua: mguu wa mbele utoke nje, viwiko viinuke, mikono ikae karibu na bega. Kwa majuma kadhaa gongo lake halikugusa mpira. Jumamosi nilijaribu kumsaidia kwa mkao huo mpya, lakini kila niliporusha, jicho lake lilikimbilia ukutani na mguu ukarudi ndani.

"Baba, nisimame ya kocha ama ya kwetu?"

"Ya kocha."

"Sasa mbona unarusha polepole hivyo?"

Sikuwa nimejua kwamba ninarusha polepole.

Ijumaa moja, uteuzi wa timu ya kaunti ukiwa umekaribia, kocha alinivuta kando.

"Mzazi, usinichukulie vibaya. Hapa namfungua, huko kwako anajifunga tena. Tukiendelea hivi sitaweza kumchukua. Jumamosi asubuhi huwa niko hapa na wengine. Mlete. Na nyumbani, wekeni gongo chini kwanza."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka asahau."

Alimaanisha ule mkao, nami nilielewa hivyo. Hata hivyo neno lile lilinichoma.

Njiani nilijipangia hoja. Ningeweka wavu wa waya dirishani; jirani hangekataa. Ningerusha kwa nguvu zaidi. Ningemwomba kocha anielekeze na mimi. Elimu imenifaa sana katika kutetea ninachokitaka. Kila hoja ilikuwa na mantiki yake, na hakuna hata moja iliyomhusu binti yangu.

Jioni hiyo, tulipokuwa tukila chapati na ndengu, nikamweleza kwamba Jumamosi asubuhi atakuwa akienda kwa kocha.

"Na wewe utakuwa ukifanya nini?" akauliza.

"Nitafua. Nitalala."

"Wewe hulali asubuhi."

"Nitajifunza."

Alitabasamu kidogo, akapangusa sahani kwa kipande cha chapati kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Sawa, Baba."

Nikampigia mama yake simu na kumwomba awe akimchukua moja kwa moja kutoka uwanjani.

Asubuhi tulitembea mimi na yeye, yeye akiwa amebeba gongo, mimi mfuko wa mipira. Nilimkabidhi kocha mfuko huo. Akasema ninaweza kukaa nikatazama, kwani wazazi wengine wapo. Nilimshukuru, nikamwambia nina kazi nyumbani. Binti yangu alikuwa tayari kwenye foleni, wa nne, akizungumza na msichana aliyekuwa mbele yake. Nikaondoka kabla zamu yake haijafika.