Mfuko Niliorudi Nao Kalemie

Kila mara mume wangu aliposhuka bandarini Kalemie akitoka kwenye biashara zake, mama yake na dada zake walipata samaki wakavu na mawese. Mimi nilipata mfuko wa nguo chafu. "Mama, unifulie," ndiyo ilikuwa salamu yake kwangu. Nikameza, nikaweka moyoni.

Mwaka jana nikapanda boti peke yangu, kutembea tu bandari za ziwani. Moba nilipanda kilima taratibu mpaka misheni. Kirando nilikula samaki wa kuchoma ufukweni, na hakuna aliyeniuliza chakula kiko wapi. Mpulungu nilizunguka soko zima nikicheka peke yangu.

Niliporudi, walikuwa wamejipanga bandarini wote, maana kwetu msafiri harudi mikono mitupu. Mama mkwe nilimpa kitenge kizuri. Mawifi nikawapa maharagwe ya Moba. Mume wangu akanyoosha mikono akitabasamu, nikamkabidhi mfuko mzito kuliko yote. Akaufungua palepale, mbele ya watu. Nguo zangu chafu za safari nzima zikamwangukia miguuni.

"Papa, unifulie," nikamwambia. "Sabuni iko mule chini. Hiyo njo zawadi yako."