Elfu Kumi na Sita Mia Sita Arobaini na Moja

Senga, yaani shangazi yangu wa mtaa wa Nabuyonga, Mbale, aliyenilea, aliogopa kisu kuliko upofu. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Mara mbili daktari alimpangia siku ya upasuaji, mara mbili akajifungia chooni. Mara ya tatu akatupa sharti kwa simu: "Mje musome Ya Latifu kwanza. Ikipungua hata moja, mimi siendi."

Kwa desturi yetu Ya Latifu, yaani kumwita Mungu kwa jina lake la Mpole, husomwa mara 16,641. Tangu utotoni idadi hiyo ilinikera. Kwa nini isiwe elfu kumi na saba, watu wakapumzika? Mimi ni mwalimu wa hesabu, lakini sikuwahi kuichunguza hadi mkesha wa safari, jikoni kwangu Mpumudde. Nikatafuta kipeuo chake cha pili. Mia moja ishirini na tisa! Kamili, hakuna kilichobaki! Na kwa hesabu ya abjadi, ambapo kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake, jumla ya herufi za Latifu ni hiyo hiyo: thelathini, tisa, kumi, na themanini. Jina limezidishwa kwa lenyewe! Nilipiga kelele peke yangu, chai ikafurika.

Sikuweza kuiacha. 129 ni tatu mara arobaini na tatu, na arobaini na tatu haigawanyiki tena. Kwa hiyo idadi hii inakataa watu wawili, wanne, watano, hata kumi. Inakubali watatu, inakubali tisa. Nasi kwa senga tungekuwa wanawake tisa, yeye akiwemo! Kila mmoja 1,849, ambayo nayo ni arobaini na tatu mara arobaini na tatu. Usingizi ulinijia kwa shida.

Kesho yake, Mbale, nilitangaza kwa kichwa kilichovimba: "Kila mtu azungushe tasbihi mara kumi na nane, kisha punje arobaini na tisa." Tukasoma. Tulipomaliza nikaruka: "Imetimia!"

Senga hakuinuka. Vidole vyake vilikuwa bado kwenye punje.

"Mwalimu, tasbihi iko na ngapi?"

"Mia, senga."

"Wapi! Tisini na tisa. Ile ya mia si tunamaliza na mdomo?"

Kweli tupu. Baada ya swala tunahesabu thelathini na tatu mara tatu, ya mia tunaitamka bila punje, na kwa mazoea tunaiita tasbihi mia. Kila mmoja wetu alipungukiwa na kumi na nane. Wote, mia moja sitini na mbili.

"Banange, na huyu anafundisha watoto wetu!" jirani akasema. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nje gari la kumpeleka hospitali lilikuwa limeshapiga honi, na mimi ndiye niliyempa kisingizio cha kubaki. Nilimtazama kwa hofu. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka, anacheka hadi machozi, kwa mara ya kwanza tangu macho yaanze kumsumbua.

"Kumi na nane tu? Kaeni chini, tusome."

Tulisoma haraka. Ya mwisho ilipotoka mdomoni, alisimama mwenyewe, akapapasa ukuta hadi mlangoni.

Siku bandeji ilipotolewa nilikuwa nimepiga magoti mbele yake. Alinitazama kwa muda mrefu, akaweka kiganja juu ya kichwa changu.

"Mwana wangu," akasema, "kumbe umeshaota mvi."