Sikio la Upande wa Pili

Jumapili iliyopita nilikuwa nakanda unga wa chapati kwangu Kware, katika jikoni ambamo wawili wakigeuka pamoja lazima mmoja aombe radhi. Kitinda mimba wangu akasimama mlangoni, akapitisha mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. "Mami, ona! Nimefika!" Nilicheka hadi nikaacha unga.

Kwetu Makadara, rafiki yangu, hicho ndicho kilikuwa kipimo cha jikoni. Shule zilikitumia kuandikisha watoto wa darasa la kwanza, nyanya akakitumia kwa chapati. Ambaye mkono wake haujafika sikioni alikaa mkekani na ungo, akitoa mawe kwenye maharagwe. Aliyefika alipewa chupa tupu ya soda, asukume chapati. Kugeuza kwenye moto kulikuwa kwa dada yangu mkubwa, aliyekuwa ameanza kuota chunusi na maringo.

Mimi nilikwama kwenye ungo. Kichwa changu kilikuwa kikubwa, usicheke, na mkono ukaishia kwenye nywele. Kila Jumamosi, moshi wa makaa ukipanda uani na watoto wa jirani wakianza kuzurura karibu na mlango wetu, nilijaribu tena. Nikiinamisha kichwa, nyanya alininyoosha shingo kwa vidole vyenye unga. "Wacha ujanja, mama. Bado."

Niliyemwogopa ni mdogo wangu, mwenye kichwa kidogo na mikono mirefu. Nilijua atanipita, na akanipita kweli. Jumamosi moja alishika sikio bila hata kujikaza, akapewa chupa. Niliyalilia maharagwe yale hadi dada akasema leo hayahitaji chumvi.

Nyanya akaniita. Akapitisha mkono wake mwenyewe juu ya kichwa changu, akanishika sikio. "Huyu pia amefika," akawatangazia. "Mkono ni mkono."

Chapati yangu ya kwanza ilitoka na mkia. Desturi ya nyumbani ilikuwa kwamba chapati ya kwanza ya msukumaji mpya huliwa na nyanya. Aliila yote kwa chai, akianzia mkiani, akasema imeiva vizuri. Sidhani nimewahi kusifiwa nikafurahi hivyo tena.

Siku hizi nyanya hayupo, na ule ua umejengwa ghorofa. Maharagwe nanunua yaliyochemshwa tayari pale chini, hakuna wa kukaa na ungo. Namkumbuka nyanya, hasa unga unapoanza kunukia motoni.

Nilimtazama vizuri yule wangu wa mlangoni. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nikamnyoosha shingo, mkono ukatoka sikioni, midomo ikaanza kutetemeka. Basi nikapitisha wangu, nikamshika sikio, unga na yote. Akapanda kwenye kiti, akasukuma kwa nguvu zake zote, na dada yake mkubwa, aliyekuwa akingoja penye jiko, akaipokea chapati kwenye moto.

"Mami, hii chapo iko na pembe," dada yake akasema. "Hiyo ni yako."

Nikaila yote, nikianzia pembeni.